Jibu: Kinanda cha umeme cha kujitengenezea chenye sura ya zamani. Boksi liache kwanza

Mkuu, umeuliza mambo matatu: uivunje ile redio ya valvu (zile taa za kioo za zamani) ya babu yako uweke saketi ndani au la, vifaa unapata wapi ukiwa Tanga, na kama chombo cha namna hii kinaweza kupatana na vyombo vingine. Nina mwaka wa sita nahangaika na haya mambo hapa Ngamiani, kwa hiyo mengi nitakayokwambia yananuka moshi.

Redio ya babu iache ilivyo. Kapasita (vihifadhi umeme) za redio ya valvu zinaweza kubaki na umeme wa volti mia kadhaa hata baada ya kuchomoa waya ukutani, na baadhi ya redio hizo chasi ya chuma imeungwa moja kwa moja na umeme wa nyumba. Ukiigusa vibaya hutapata nafasi ya kuuliza swali la pili humu. Halafu hata ukiokoka, utafanya kosa nililofanya mimi. Nilipata boksi la mbao la redio ya zamani, nikalipiga msasa, nikalipaka vanishi mikono mitatu, nikatoboa matundu kumi na mawili kwa mstari kama askari wa gwaride, nikavisha vifungo vyeusi vya kuzungusha nilivyovua kwenye amplifaya mbovu. Lilipendeza kweli. Ndipo nikaanza kutafuta kitu cha kuweka ndani! Vifungo nilivipanga kwa ajili ya macho. Mkono ukishika cha kulia unaziba cha kati, na vinne havikuwa na kazi hadi leo. Boksi lile mama anahifadhia vitunguu.

Anza na mlio. Na mlio wa kwanza haukugharimu kitu ukiwa na redio mbili ndogo za betri zenye masafa ya kati (MW au AM). Subiri usiku, maana usiku stesheni za mbali husikika. Redio ya kwanza iweke karibu na kilohezi 600 na uizime sauti kabisa, ila iwe inawaka. Ya pili isogeze ubavuni mwake, uizungushe taratibu karibu na 1055, palipo na stesheni hafifu. Utasikia mluzi unapanda na kushuka, ule ule tuliousikia utotoni wazee wakitafuta stesheni. Sababu yake ni kwamba redio nyingi za aina hii huzalisha ndani yake wimbi lililo juu ya stesheni kwa kilohezi 455, kwa hiyo ile ya 600 inavujisha wimbi la 1055, linakutana na la stesheni, na tofauti yao ndiyo mluzi. Sasa fungua mgongo wa redio ya kwanza (ya betri tu, tumeelewana?) na usogeze kiganja karibu na kapasita ya kutafutia stesheni. Mluzi unakufuata. Mrusi Leon Theremin alitumia kanuni hii hii ya mawimbi mawili na tofauti yao, mnamo 1920, akapata chombo kinachopigwa bila kuguswa. Na Robert Moog, huyu ambaye sinthesaiza zake zinasifiwa mpaka leo, alianza kwa kuunda na kuuza vyombo vya Theremin miaka ya 1950. Kwa hiyo usione haya kuanza na mluzi.

Ukishatosheka na mluzi, nenda kwenye aisii (chipu ndogo yenye saketi ndani) inayoitwa 40106. Ina miguu 14, na ndani yake mna vigeuzi sita, yaani umeme ukiingia juu unatoka chini, ukiingia chini unatoka juu. Kila kimoja ukikiwekea rezista (kizuizi cha umeme) kutoka mguu wa kutokea kurudi wa kuingilia, na kapasita kutoka mguu wa kuingilia kwenda hasi ya betri, kinaanza kulia chenyewe. Aisii moja, sauti sita. Chanya mguu wa 14, hasi mguu wa 7. Ukitumia voliumu (rezista ya kuzungusha) ya megaomu 1 na kapasita ya nanofaradi 100, upande mmoja unapata mgongano kama mtu anagonga mlango, upande wa pili mlio mwembamba. Tanguliza rezista ya kiloomu 10 kwenye voliumu isije ikafika sifuri. Miguu ya kuingilia usiyoitumia iunge na hasi, na ile ya kutokea usiifunge pamoja moja kwa moja. Kila mmoja upitie rezista yake ya kiloomu 10 ndipo ikutane. Ukiweka daiodi (inayopitisha umeme upande mmoja tu) badala ya rezista hizo, sauti zinaanza kukatana zenyewe kwa zenyewe, na hapo ndipo utakapokesha.

Kuhusu kununua: voliumu, spika, swichi na vifungo vipo kwa mafundi redio, kwenye vifusi vya vitu vilivyokufa. Omba kupekua, lipa kidogo, usijifanye mjuaji. Aisii mimi niliagiza Dar, mzigo ukaja na basi. Muuzaji wa mara ya kwanza alikosa 40106 akanipa 74HC14, eti ni kitu kile kile. Miguu imepangwa sawasawa, ni kweli, lakini hiyo haivumilii betri ya volti 9. Nilinunua tano. Ya kwanza ilichemka nikadhani nimekosea waya, ya pili hivyo hivyo, ya tatu ndiyo nikaenda kusoma. Nilipompigia akaniambia nijaribu kuwasha kwa muda mfupi mfupi. Za kukuzia sauti chukua LM386, ina miguu minane na inaendesha spika ndogo vizuri tu.

Sura ya zamani sasa. Kwenye chombo changu cha tatu badala ya voliumu nilitumia sarafu. Kuna zile senti ishirini zenye mbuni, nyumbani zilikuwamo kwenye kopo hazinunui hata pipi. Sarafu moja inaungwa na mguu wa kuingilia, jirani yake na wa kutokea, na kidole chako kikizigusa zote mbili ngozi ndiyo inakuwa rezista. Kapasita hapa iwe ndogo, nanofaradi 10 hivi. Kuchomelea waya kwenye sarafu kuna kazi: isugue msasa upande wa nyuma mpaka ing'ae, paka fluksi (dawa ya kufanya risasi ishike), kisha ilaze juu ya ubao mkavu. Pasi ya kuchomelea ya wati 30 itakaa hapo dakika nzima kabla risasi haijalainika, maana sarafu inanyonya moto wote. Usiipulize. Boksi lenyewe ni vipande vya msaji alivyotaka kutupa seremala wa mtaani, matundu nikatoboa mwisho kabisa, baada ya vidole kujua vinataka kukaa wapi. Wengi wanadhani nimelinunua mnadani. Bodi ya saketi ipake rangi ya kucha isiyo na rangi, la sivyo hewa ya bahari itaigeuza kijani. Na chombo chenye sarafu ni cha betri peke yake; usikiunge na chaja ya ukutani hata mara moja.

Kupatana: nilikuwa nasikitika kwa sababu mlio hautulii. Betri ikichoka sauti inahama. Hilo nililitibu kwa aisii ya 78L05, inayoshusha volti 9 ziwe 5 zisizoyumba. Lakini jasho halina aisii. Msimu wa kaskazi vidole vinaloa, ukinzani unashuka, mlio unapanda juu. Siku moja nikamwonyesha baba mdogo, aliyepiga besi kwenye taarabu miaka hiyo ambayo bendi za Black Star na Lucky Star zilikuwa ndizo Tanga yenyewe.

"Mbona kinalia kama jogoo mwenye mafua?"

Nikamweleza shida. Akaweka kidole juu ya mbuni, akakandamiza kidogo, akalegeza, akakandamiza tena. Mlio ukapanda, ukapita, ukarudi. Akawa anaguna sauti ile anayoitafuta mpaka vyote viwili vikakutana.

"Hiki hakina vituo vya kuwekea vidole, mwanangu. Fidla ina vituo? Udi una vituo? Sikio ndilo linaloweka kidole."

Tangu hapo sauti mbili naziacha zishikilie chini kwa voliumu, ya tatu ndiyo ya sarafu, na kabla ya kupiga na mtu namwomba anipe sauti yake moja niitafute. Kinanda chako cha kawaida kitakaa kimya kikisubiri, si tatizo. Nina kitambaa cha pamba mfukoni cha kufutia vidole, na baba mdogo kila akija anakiulizia chombo, "Mbuni wako yuko wapi?", kisha anakaa nacho mpaka alasiri inaadhiniwa.