Zawadi za Krismasi kwa mgeni wa baridi ya Minnesota, na pa kuwapeleka watoto

Mdogo wangu, umeuliza swali ambalo wengi wetu tulilionea aibu tulipofika. Kwa waliochelewa kuingia kwenye uzi: dada yake huyu muulizaji ametua Brooklyn Park, Minnesota, Oktoba hii na watoto wawili, wa kiume miaka tisa, wa kike mitano. Ndiyo Krismasi yao ya kwanza nje ya Tanzania. Jamaa ana dola 200 za zawadi za wote watatu, na anataka kujua likizo ya shule awapeleke wapi wapwa zake bila kuingia kwenye deni. Wadau hapo juu wameshauri tableti, manukato na seti ya sufuria. Mimi napinga vyote vitatu.

Mimi ni wa Mafinga. Kwetu mwezi wa sita na wa saba unaamka unakuta majani yamepigwa na jalidi, meupe kama yamemwagiwa unga, na watoto wanakwenda shule wakitoa moshi mdomoni. Kwa hiyo nilipokuja huku nilijihesabu mtu mwenye cheti cha baridi. Nilishuka uwanja wa ndege na sweta la mtumba na raba. Sitaki kuongeza neno hapo.

Krismasi yangu ya kwanza binamu yangu alinipa manukato, ya bei kweli. Nilishukuru, nikayaweka juu ya kabati, yakakaa hapo mpaka Aprili, kwa sababu sikuwa na mtu wa kumnukia. Nilikuwa nabeba boksi zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, nikirudi asubuhi nalala, nikiamka jua ndiyo linaaga. Desemba hapa jua linazama saa kumi na nusu jioni, na mwanga wa siku nzima haufikishi jumla ya saa tisa. Kazi, kitanda, kazi, kitanda. Kufikia Januari nikawa nalia kwenye simu bila sababu ya kumweleza mama, naye akawa anauliza kwa upole kama kuna mtu nimegombana naye kabla sijaondoka. Akilini mwake nilikuwa nimerogwa.

Aliyenitoa ni mama mmoja mtu mzima tuliyefanya naye kazi, mwenyeji wa hapa, babu zake walitoka Norwei. Yeye Krismasi hiyo hiyo alinipa mfuko wa karatasi usio na hata utepe. Ndani mna jozi mbili za soksi za sufu na yale meno ya mpira na chuma yanayovaliwa juu ya viatu ili usiteleze. Nikasema moyoni, huyu naye bahili. Wiki ya pili ya Januari nikaanguka kituo cha basi, chali, chakula changu cha usiku kikasambaa barabarani, wali huku maharage kule. Kesho yake nikayavaa yale meno. Naye aliponiona nayo akasema, vizuri, sasa Jumamosi nakuja kukuchukua.

Ndiyo maana nasema maswali yako mawili ni moja. Huku zawadi ya maana kwa mgeni ni ile inayomtoa ndani, na ukishampa unakwenda naye.

Anza na miguu ya dada yako. Buti zisizopitisha maji, zenye manyoya ndani, namba moja zaidi ya anayovaa kawaida, maana kiatu kinachobana huzuia damu na mguu unaganda hata kiwe cha bei gani. Mimi za mwisho nilizipata kwa dola 60 baada ya punguzo. Meno ya viatu ni kama dola 20. Soksi ziwe za sufu, usidanganywe na nene za pamba: pamba ikinywa jasho haikauki, inakugeukia kuwa kitambaa cha maji baridi. Hata fulana ya ndani usimnunulie ya pamba. Na jambo wageni wengi hawalijui: Minnesota haitozi kodi ya mauzo kwenye nguo na viatu vya kawaida. Bei unayoiona kwenye lebo ndiyo unayolipa, tofauti na midoli na tableti.

Watoto, wa kwanza kabisa ni suruali za theluji, zile zenye kanda za mabegani. Shule nyingi hapa huwatoa watoto nje wakati wa mapumziko hata nyuzi zikiwa chini ya sifuri za Selsiasi, na mtoto asiye na suruali hiyo hukaa pembeni akiangalia wenzake. Hilo linauma kuliko baridi yenyewe. Glovu usichukue za vidole vitano. Chukua zile zinazovilaza vidole vinne pamoja vipashane joto. Mizula miwili miwili, kwa sababu mmoja utapotea kabla ya Januari, hiyo ni sheria ya asili. Na vyote hivi usivione haya kuvitafuta kwenye maduka ya mitumba ya hapa. Watoto wa wenyeji wanakua kila msimu, suruali inavaliwa miezi minne inatolewa. Sisi wenyewe tulikua kwa marobota yao kule nyumbani. Huku unayakuta kabla hayajafungwa.

Hapo utabakiwa na chenji. Waongezee vile vipakiti vya kupasha mikono. Ndani mna unga wa chuma, ukichana karatasi hewa inaingia, chuma kinaanza kupata kutu kwa kasi na kutoa joto. Mpwa wako wa miaka tisa mwambie hivyo, kwamba ameshika kutu mkononi. Wangu alikaa wiki nzima akiwasimulia watu kanisani.

Kama dada yako naye anafanya kazi usiku, mngechangishana ndugu mkamnunulia taa ya mwanga mkali, ya luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha mwanga), ya kukaa mbele yake nusu saa baada ya kuamka. Mimi ilinisaidia. Akiwa na dawa anazotumia au historia ya matatizo ya akili aongee na daktari kwanza. Na amuulize huyo huyo kuhusu vitamini D, maana ngozi zetu zinahitaji jua jingi kuitengeneza, na hapa jua lenyewe ni la kuonyeshwa tu.

Haya, mnakwenda wapi?

Como, Saint Paul. Mama yule alinipeleka huko Jumamosi ile, na tangu hapo sijaacha kwenda kila mwaka. Ni bustani ya wanyama pamoja na nyumba kubwa ya vioo ya mimea, iliyofunguliwa mwaka 1915. Kiingilio hakuna, wanaomba mchango tu, weka dola mbili tatu ukiwa nazo. Nje ni barafu, unasukuma mlango, na hewa inayokupiga usoni ni ya Kyela. Joto, unyevu, harufu ya udongo uliolowa. Miwani yangu iliingia ukungu nikawa sioni kitu. Nilipoifuta nikaona minazi na mitende inagusa paa la vioo, na chumba cha pili kuna mgomba. Mgomba, mdogo wangu, na majani yake yamechanika chanika vile vile. Nilisimama pale nikaushika. Mlinzi alinitazama akaniacha. Mwezi wa Desemba hupanga pia maua mekundu ya Krismasi, watu wanapiga picha, lakini mimi hukaa kwenye benchi karibu na ule mgomba na chupa yangu ya chai. Watoto waende wakawaone dubu weupe na chui wa theluji huko nje. Hao ndio wakazi pekee wa Saint Paul wanaofurahia Januari bila kujilazimisha.

La pili nisilokubali ulikose ni Winter Carnival, mwisho wa Januari kuingia Februari, hapo hapo Saint Paul. Asili yake inanichekesha. Mwaka 1885 mwandishi wa gazeti la New York aliandika kwamba Saint Paul ni Siberia nyingine, haifai binadamu kuishi wakati wa baridi. Wakubwa wa mji wakaona wametukanwa. Wangeweza kuandika barua ya malalamiko. Badala yake, mwaka 1886 walikata barafu, wakajenga kasri, wakaita watu waje kucheza. Mpaka leo kuna maandamano, vinyago vya barafu, mfalme Boreas wa upepo wa kaskazini, na maadui zake wa moto wenye mavazi mekundu ambao mwishoni humfukuza ili majira ya joto yarudi. Kutazama maandamano barabarani ni bure.

Ndani ya sherehe hiyo kuna msako wa medali ambao gazeti la Pioneer Press limeuendesha tangu 1952. Wanaificha kwenye bustani ya umma, halafu kila siku wanatoa kidokezo cha mashairi, na mpataji anaweza kuvuna hadi dola 10,000. Unakuta watu wazima saa nne usiku, taa kichwani, wanachimbua theluji kama wanavuna viazi. Vidokezo ni mafumbo matupu. Mimi niliyeshinda mashindano ya vitendawili darasa la sita sijawahi kufumbua hata kimoja. Lakini kwa mtoto wa miaka tisa, chepe dogo na taa ya kichwani chini ya mti wa Krismasi, pamoja na ahadi ya kwenda kutafuta hazina, ni zawadi ambayo tableti haiifikii. Vyote viwili nilivipata kwa chini ya dola 25.

Uvuvi juu ya barafu nao msiukimbie. Barafu safi ya inchi nne, yaani sentimita kumi, ndiyo kiwango ambacho idara ya maliasili ya jimbo inasema mtu anaweza kutembea juu yake. Chini ya hapo usikanyage hata ukimwona mwenyeji amekanyaga, na mwanzo wa Desemba maziwa mengi hayajafika. Mwenye miaka 16 na zaidi anahitaji leseni, ila wikendi ya Martin Luther King mwezi Januari mkazi anayekwenda na mtoto wa chini ya umri huo huvua bila leseni. Nenda na mtu mwenye kifaa cha kutoboa barafu. Mwanangu alipokanyaga ziwa mara ya kwanza aliniuliza kama Petro naye alivaa meno kwenye viatu. Tulirudi na visamaki bapa vitano vya ukubwa wa kiganja, tukavikaanga vikaliwa na ugali, na sijala samaki mtamu zaidi katika nchi hii.

Kwenu Brooklyn Park mko jirani na Elm Creek, pale Maple Grove, kwenye kilima cha kutelezea kwa maboya. Hapo mnalipa. Kama hela imekata, kigari cha plastiki cha kutelezea na kilima chochote cha bustani ya mtaa kinatosha. Siku ya upepo mkali nendeni Mall of America, lile jumba kubwa la maduka, mkatembee tu, maegesho ni bure. Zile korido hazina mfumo mkuu wa kupasha joto, zinapashwa na taa, jua la paa la vioo na miili yetu sisi tunaozurura bila kununua, kwa hiyo mna mchango wenu. Jumba la sanaa la Minneapolis nalo halina kiingilio, na limepasha vizuri.

Ila kuna siku za kubaki ndani. Tarehe 30 Januari 2019 uwanja wa ndege wa Minneapolis ulifika nyuzi 28 chini ya sifuri za Fahrenheit, yaani 33 chini kwa Selsiasi, na posta ikasimamisha kugawa barua. Hawa watu posta yao haisimami kwa mzaha. Siku kama hiyo ngozi iliyo wazi inaungua kwa dakika chache tu. Pikeni maandazi, mcheze karata.

Kuhusu wenyeji, swali ulilogusia mwishoni, la jirani anayewasafishia theluji mlangoni: usimnunulie kitu cha dukani kwao. Mpe kikapu cha Iringa, cha milulu, kama kuna ndugu anayekuja mwezi huu akubebee viwili. Humo tia majani ya chai ya Mufindi. Sinodi ya Walutheri ya Saint Paul ina ushirika na Dayosisi ya Iringa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wenyewe wanauita Bega kwa Bega, kwa hiyo usishangae mzee wa Kizungu akikitazama kikapu na kukuambia “kamwene”, ile salamu ya Kihehe. Akikualika kanisani kwao kula lutefisk kabla ya Krismasi, nenda. Ni samaki mkavu aliyelowekwa kwenye magadi makali mpaka akalegea. Ukimla utafikiri mlenda uliotamani kuwa samaki. Omba siagi nyingi.

Nina suruali ya theluji na buti za mwanangu, zimevaliwa msimu mmoja, zitamtosha kabisa huyo wa miaka tisa. Niandikie inbox namba ya kiatu chake. Jumamosi ya kwanza ya Januari nitakuwa Como kuanzia saa tano asubuhi, benchi la karibu na mgomba. Chai nitabeba mimi, vikombe mje navyo.