Je, ni sawa kumfungia mlevi ili aache chang'aa?

Dada wa Kondele, umeuliza kama ni sawa shemeji zako wamfungie mumeo chumbani ili aache chang'aa, kwa kuwa kila asubuhi mikono humtetemeka mpaka apate glasi ya kwanza. Ningewazuia. Kutetemeka huko huonyesha kwamba ubongo wake umeizoea pombe, na mtu aliyefikia hapo akikatizwa ghafla anaweza kuanguka kifafa ndani ya siku 2 za mwanzo, kisha, mara nyingi kati ya saa 48 na 72, akachanganyikiwa, akaona vitu visivyokuwepo na hata kufariki. Ndugu wengi hudhani kwamba hizo ni hila za kutaka kinywaji.

Mpelekeni kwanza Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, mweleze daktari bila kuficha kiasi anachokunywa, ili apewe dawa za kutuliza ambazo kipimo chake hupunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, ambayo wanywaji wa muda mrefu hupungukiwa nayo hadi kumbukumbu ikaharibika. Ini nalo lipimwe. Akiwa na macho ya manjano au tumbo lililojaa maji, msingoje kesho. NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, hupokea simu bila malipo kwa nambari 1192.