Unahamia kompyuta mpya? Anza na majina, barua baadaye

Umeweka akaunti yako ya barua pepe kwenye kompyuta mpya, barua zote zimejitokeza ndani ya dakika chache, ukaona kazi imekwisha. Halafu unaanza kuandika barua, unaweka herufi mbili za jina la mtu unayemwandikia kila wiki, na hakuna kinachojitokeza. Barua zilikuwa kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma wako. Majina, yaani anwani za watu unaowaandikia, yalikuwa kwenye kompyuta ya zamani, na huenda umeshaifuta.

Kabla ya kugusa chochote, fungua mipangilio ya akaunti kwenye kompyuta ya zamani uangalie kama imeandikwa IMAP au POP, njia mbili za kupokea barua. Kwa IMAP, barua zinakaa kwenye seva na kompyuta inaonyesha nakala tu, kwa hiyo programu mpya itazivuta yenyewe. POP inazishusha kwenye kompyuta, na kama haikuambiwa iache nakala, inazifuta kwenye seva. Hata ikiambiwa iache, mara nyingi ni kwa muda: Thunderbird, programu ya barua pepe, kwa kawaida huweka siku 14. Wengi pia husahau kwamba POP haipandishi kwenye seva barua ulizotuma. Miaka yote ya barua zako zilizotumwa inaweza kuwa kwenye diski moja tu.

Mwenye Outlook ya kompyuta, ile ya zamani (classic), tafuta faili lenye mwisho .pst, kwa kawaida ndani ya Documents, kwenye folda ya Outlook Files. Funga Outlook kabisa kabla ya kulinakili, maana ikiwa wazi faili limeshikwa na kunakili kutagoma. Ukiona .ost, liache. Hilo ni nakala ya kilichoko kwenye seva na kompyuta mpya itatengeneza lake. Ila hapo kuna mtego: kwa akaunti za IMAP, Outlook huweka majina na kalenda kwenye folda zilizoandikwa "This computer only", na folda hizo zimo ndani ya lile lile .ost ambalo kila mtu anaambiwa aliache. Majina hayo lazima uyatoe mwenyewe.

Kuyatoa: File, kisha Open & Export, kisha Import/Export, chagua kutoa kwenda faili la CSV (jedwali la maandishi matupu), uonyeshe folda ya Contacts. Kama una akaunti mbili, huenda kuna folda mbili za Contacts. Rudia kwa kila moja. CSV haibebi picha wala makundi. Orodha ya "kamati" yenye watu kumi na wawili utaiunda upya, kwa hiyo piga picha ya skrini ungali unaiona.

Faili hilo ukishalipata, usilifungue kwa Excel "kuangalia tu". Excel huona namba ya simu kama hesabu: 0700000001 inabaki 700000001, na namba ndefu yenye msimbo wa nchi huonekana kama 2.5E+11. Ukihifadhi, umeharibu safu nzima. Ukilazimika kusahihisha, tumia LibreOffice Calc, ambayo kabla ya kufungua inakuuliza aina ya kila safu. Chagua Text kwa safu zote za simu. Dirisha hilo hilo linauliza usimbaji wa herufi, yaani namna herufi zilivyohifadhiwa ndani ya faili. José akigeuka JosÃ©, faili liliandikwa kwa UTF-8 likasomwa kama Windows-1252. Usisahihishe jina moja moja. Lifunge, ulifungue upya kwa usimbaji sahihi.

Ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua vCard, yaani .vcf, kuliko CSV. Ndani yake kila kitu kimetajwa jina lake, simu ni simu na barua pepe ni barua pepe, hivyo hakuna safu za kulinganisha. Kasoro yake iko upande wa Outlook ya zamani: faili la vCard lenye watu mia tatu litakuingizia mtu wa kwanza tu, bila kukuonya. Kwenda Outlook tumia CSV. Kwenda Thunderbird, simu au Google Contacts, vCard inatosha.

Thunderbird ikipokea CSV itakuonyesha safu za faili upande mmoja na za kwake upande wa pili. Hapa usiwe na haraka; safu moja ikiteleza, majina ya ukoo yataingia kwenye anwani za barua. Ingiza kwenye kitabu kipya kitupu, si kile chenye majina tayari. Ukikosea unafuta kitabu kizima na kurudia, badala ya kuwinda majina mawili-mawili usiku kucha. Ukitoka Thunderbird, kumbuka ina vitabu viwili tangu mwanzo: Personal Address Book na Collected Addresses. Toa vyote viwili.

Kuna majina ambayo hayamo katika kitabu chochote. Yale yanayojitokeza ukianza kuandika kwenye Outlook mara nyingi ni kumbukumbu ya programu tu. Kwa akaunti za POP na IMAP, kumbukumbu hiyo hukaa kwenye kompyuta na haihami na CSV. Dawa ni folda ya barua zilizotumwa: ipange kwa jina la mpokeaji, pitia, hifadhi wale unaowahitaji.

Sasa barua za POP. Thunderbird haifungui .pst moja kwa moja. Inahitaji Outlook iwepo kwenye kompyuta hiyo hiyo. Njia isiyo na mabishano ni kuongeza akaunti ya IMAP ndani ya Outlook, kuburuta folda za zamani hadi kwenye akaunti hiyo, na kusubiri zipande. Burutia folda moja moja, na hakikisha akaunti ina nafasi: ya bure ya Google ina GB 15, zinazogawanywa na picha na mafaili yako mengine.

Anayetoka Thunderbird kwenda Thunderbird anakili folda yote ya Thunderbird, iliyoko AppData, Roaming. Kompyuta mpya iwe na toleo lile lile au jipya zaidi. La zamani litakataa kufungua. Menyu ya Tools ina Export, lakini huishia GB 2.

Ukijaza mipangilio kwa mkono, namba za mlango (port) ni hizi: IMAP 993, POP 995, zote kwa usalama wa SSL/TLS, kutuma ni 465 kwa SSL/TLS au 587 kwa STARTTLS. Barua zikiingia lakini hazitoki, angalia kama seva ya kutuma nayo imepewa jina na nenosiri. Gmail ikikataa nenosiri ulilo na uhakika nalo, badilisha njia ya uthibitisho iwe OAuth2.

Mwisho hesabu. Linganisha idadi ya majina huku na kule, kisha fungua watu watatu: mwenye simu mbili, mwenye herufi zisizo za kawaida, na mwenye maelezo marefu. Zima intaneti na ufungue barua ya zamani yenye kiambatisho. Isipofunguka, bado iko kwenye seva tu. Kompyuta ya zamani usiiguse kwa mwezi mmoja.