Suruali ya kuvulia samaki inayopitisha mvuke wa jasho, kwa bei nafuu

Ndugu, umeuliza ni suruali gani ya kuingilia majini, isiyopenya maji lakini inayotoa mvuke wa jasho, itakayokufaa bila kukugharimu sana. Ningekagua mishono kabla ya jina la kampuni: igeuze ndani nje, kisha upitishe kidole kwenye utepe uliobandikwa juu ya mshono wa katikati ya mapaja, kwa kuwa hapo miguu husuguana na ndipo uvujaji huanza mara nyingi. Utepe ukiinuka pembeni, iache suruali hiyo. Magoti yawe na tabaka la ziada. Mifuko mingi huongeza bei tu, ila mkanda wa kiunoni usiukose, kwani hupunguza maji yanayoingia ukianguka. Ndani vaa polyesta, si pamba, ambayo hushika jasho.