Farasi aliyekonda usimjazie chakula

Ndugu yangu, unasema umemchukua farasi aliyetelekezwa pembeni ya Lubumbashi, mbavu zinahesabika, na unataka kutoa maisha yako kuwalinda wenzake. Moyo huo ninaujua, ndio ulioniingiza mimi katika kazi hii.

Kwanza, weka mbali pumba na mahindi. Farasi aliyekaa na njaa majuma mengi, ukimpa nafaka ghafla, madini ya damu yanavurugika na moyo unaweza kusimama. Wa kwanza wangu nilimpa pumba kwa huruma. Siku ya tatu alilala, shingo juu ya goti langu, hakuinuka tena. Mpe majani makavu kidogo kidogo, kila baada ya saa 4, usiku pia, kwa siku 10 hivi. Maji yasikauke ndooni.

Wakati wa mvua mwingize bandani kabla jua halijazama. Wadudu wadogo wanaouma usiku huleta ugonjwa unaoua farasi kwa siku chache. Akijigaragaza, akigeukia tumbo lake au akikataa kula, ita daktari wa mifugo saa ileile, usingoje kuche.

Farasi hufika miaka 25 hadi 30, na kwato hukatwa kila majuma 6 hadi 8. Piga hesabu ya huyu mmoja kabla hujampokea wa pili.