Kwetu Pwani, kivuli kwanza

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: “Miti ya mjini inapunguza joto kweli, au inapendezesha tu?” Mimi ni fundi cherehani Temeke, Dar es Salaam. Miaka 11 nimeshonea chini ya mti mmoja wa mkungu, hadi mwaka jana ulipokatwa kabla kaskazi haijaanza, mwenye nyumba akajenga fremu tatu za maduka. Kwa hiyo jibu langu ninalo mwilini.

Cherehani ni chuma. Chini ya mkungu, saa nane mchana mwezi Februari, nilikuwa nashika gurudumu lake bila wasiwasi. Sasa nimehamia kibaraza cha mabati, hatua kumi tu kutoka pale, na gurudumu lile lile silishiki bila kitambaa. Bati linanikinga na jua, sikatai. Lakini lenyewe linashika moto, kisha moto ule unanishukia utosini. Jani haliwi hivyo. Jani linatoa maji, na maji yanapogeuka mvuke yanaondoka na joto. Lita moja ikikauka huchukua joto la karibu kilowati-saa 0.7. Mti mkubwa, ardhi ikiwa na maji, unaweza kutoa lita 100 kwa siku. Pigeni hesabu: hilo ni joto la kilowati-saa 70 hivi, ambalo kiyoyozi cha chumba cha BTU 12,000, kinachoondoa karibu kilowati-saa 3.5 za joto kila saa, kingehitaji karibu saa 20 kuliondoa. Tena kiyoyozi kinalitoa chumbani mwako na kulimwaga dirishani kwa jirani.

Ila hapa kwetu kuna jambo. Januari na Februari joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33, na hewa imejaa unyevu hadi jasho linagoma kukauka. Hewa ya namna hiyo inapunguza kazi ya jani kutoa mvuke. Ndiyo maana nasema Pwani kivuli kwanza: jua lisifike kwenye lami, kwenye ukuta, wala kwenye ngozi ya mtu. Lami iliyopigwa jua kutwa inaachia joto lake usiku. Wanangu wanahamisha godoro sebuleni, wanaishia kulala sakafuni wakitafuta ubaridi.

Sasa angalieni tunachopanda. Kando ya barabara mpya inawekwa mitende ya mapambo, mirefu na myembamba, ambayo kivuli chake hakifuniki hata kreti ya soda. Hili linaniuma kweli. Mama anayesubiri daladala na mtoto mgongoni anahitaji mwarobaini, mkungu, mwembe, mti wenye matawi yaliyotanda. Na hata tukiupanda tunaupigia vitofali vya pevingi hadi shinani, maji ya mvua yanakimbilia mtaroni, mizizi inabaki na kiu. Mti wenye kiu hauna cha kutoa.

Singapore ni mji wa bandari wenye joto na unyevu kama wetu. Kampeni ya kupanda miti ilianza kule 1963, Waziri Mkuu Lee Kuan Yew akapanda wa kwanza kwa mkono wake. Walichagua miti inayokua haraka na kutanda kama mwavuli, na leo mgeni akitoka uwanja wa ndege wa Changi kwenda mjini anapita chini ya matawi. Sisi wenyewe tunalijua hilo tangu zamani: nendeni Bustani ya Mimea pale Posta, katikati ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa enzi za Wajerumani mwaka 1893, muingie mkitokea barabarani saa saba mchana. Hatua tatu tu mtaisikia tofauti usoni.

Mwenye nyumba si mtu mbaya. Kodi ya fremu inasomesha watoto wake. Nimemwomba tung'oe vitofali vya pevingi mita moja mraba mbele ya fremu ya mwisho, nichimbe shimo. Alisita, kisha akakubali. Mche wa mkungu ninao kwenye ndoo, una majani sita. Nasubiri masika.