Rangi kwenye vipande vidogo vya ndege: mkono hauna kosa

Wageni wakiziona modeli zangu za ndege, swali ni lile lile: mkono wako hautetemeki? Unatetemeka kama wa mtu yeyote. Usafi wa kazi hii umo kwenye uzito wa rangi, na kwenye kujua kipi kinatangulia kupakwa.

Chukua Dakota, ile DC-3 ambayo East African Airways waliitumia zamani. Mabawa yake ni mita 29, kwa kipimo cha 1/72 yanakuwa sentimita 40. Lakini ncha ya manjano kwenye panga la rafadha (propela), ikiwa kwenye ndege halisi ni sentimita 10, hapa inabaki milimita 1.4. Usiichore. Paka ncha nyeupe kwanza, maana manjano juu ya plastiki ya kijivu haikolei, kisha manjano, na uipitishe makusudi chini ya pale inapotakiwa kuishia. Ikikauka sawasawa, ifunike kwa tepu ya karatasi iliyokatwa kwa wembe mpya, halafu panga zima lipake nyeusi. Rangi iliyopauka itangulie, iliyokoza ifuate. Ukigeuza, utarudia manjano mpaka uchoke na weusi bado unachungulia. Tepu ibandue nyeusi ikiwa haijawa ngumu, ukiivuta kwa kuikunja nyuma taratibu.

Tairi ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Rimu ipake rangi ya fedha. Nyeusi izimue mpaka itiririke, kisha gusa kwa ncha ya brashi kwenye kile kifereji baina ya rimu na mpira. Rangi itakimbia yenyewe kuzunguka duara lote. Baada ya hapo unamalizia mpira kwa utulivu, kwa kuwa mstari wa kuutenga na rimu umeshachorwa.

Injini nayo haina ugumu. Twin Wasp ya Dakota ina silinda 14 katika safu mbili, na hakuna haja ya kuzipaka moja moja: fedha kote, nyeusi nyepesi sana iingie kwenye mapezi ya silinda, basi.

Brashi? Watu hukimbilia ya namba 000, ile nyembamba mno. Mimi siitaki. Inabeba rangi kidogo mno, na kwa joto letu la kaskazi akriliki inakauka njiani kabla haijafika kwenye plastiki. Ya namba 0 au 1 yenye ncha kali inatosha. Rangi iweke juu ya karatasi ya kuokea iliyolazwa kwenye sponji yenye maji, ndani ya kopo lenye mfuniko, haikauki upesi. Na feni izime, inakausha rangi na kuleta vumbi.

Huo mkono sasa. Watazame wanaowachora mabibi harusi piko: kidole cha mwisho hakiachi kuegemea mwili wa anayechorwa. Fanya hivyo hivyo, viwiko juu ya meza, na kipande ukiache kwenye fremu ya plastiki kilichokuja nayo upate pa kushikia. Alama ya pale utakapokikata utaigusa kwa rangi baadaye.

Vanishi ya tina usipulize siku za masika mvua ikinyesha. Unyevu unaingia ndani yake na kuacha ukungu mweupe juu ya kazi yote. Ngoja jua litoke, hata kama ni wiki ijayo.